Figa Lisilo na Kwao

Mama mkwe wangu alipikia juu ya jiwe lililotoka mbinguni miaka yote niliyomjua, na miaka mingi kabla sijamjua, na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, haukuwa tofauti na wa mwanamke mwingine yeyote pande za Wamunyu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za lile jiwe huniuliza kwanza kama chakula chake kilikuwa na ladha ya ajabu. Hakikuwa nayo. Kilipungukiwa na chumvi, na nilipomwambia hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, aliniambia kwamba njia ya kurudi kwa mama yangu kulikojaa chumvi haijafungwa.

Tulipatana baadaye. Mimi nina ulimi mwepesi, yeye alikuwa na wake, na watu wa namna hiyo wakiishi boma moja huishia kuwa maadui au marafiki wakubwa. Tulijaribu yote mawili, tukaona la pili halichoshi sana.

Jiko lake lilikuwa nje, mbali kidogo na nyumba, kuta za udongo na paa la mabati yaliyogeuka meusi kwa ndani. Hadi leo nikifumba macho mchana, nikiwa nimechoka kusahihisha mitihani, huliona lile jiko vizuri kuliko meza iliyo mbele yangu. Ni asubuhi, jua halijapanda matuta ya shamba. Moshi umening'inia kuanzia kichwani kwenda juu, hivi kwamba mtu akiketi anaonekana, akisimama anapotea. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, namwona uso. Anainuka kuchukua kibuyu, kichwa chake kinazama moshini, kinabaki kiwiliwili kinachoongea, kinanisimulia habari za redio. Nje mume wangu ameanza kugonga tezo kwenye gogo la mukau, anachonga twiga wa kuuzia watalii ambao hajawahi kuwaona. Naisikia ile tezo, polepole, polepole, mpaka kengele ya shule inanirudisha.

Mafiga, kama ajuavyo kila mtu, ni matatu. Katika ukoo wa mume wangu kuna desturi ambayo sijaikuta kwingine. Hata kwetu Ekalakala hatukuwa nayo, ingawa sote ni Wakamba. Bibi arusi akijengewa jiko, mawe mawili hutoka kwa mama mkwe. La tatu huja nalo mwenyewe kutoka kwao, limeokotwa na ndugu zake katika ardhi ya baba yake. Hilo huwekwa upande wa ndani, mbali na mlango, na halisogezwi maadamu mwenyewe yu hai. Akifa, baada ya mazishi, watu wa kwao huja kulichukua. Mwanamke mkubwa wa boma husimama mlangoni mwa jiko na kuuliza, "Nani amekuja?" Nao hujibu, "Ni sisi." Huuliza tena, "Mnaipeleka wapi?" Nao hujibu, "Nyumbani." Hupishwa, hulibeba, na siku hiyo ndipo husemwa kwamba marehemu amefika. Kabla ya hapo huhesabiwa kuwa yuko njiani.

Nilipoambiwa haya wakati wa uchumba nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha jiografia, na niliona hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Kaka yangu aliniletea jiwe kutoka Ekalakala ndani ya gunia la mahindi, akalishusha kwa kishindo huku akilalamikia kiuno, akaniuliza kama kwa wakwe zangu mawe yameisha. Lakini nilipoliona limekaa kwenye majivu, jiwe la kwetu lenye vile vimeremeta nilivyokuwa nikivikanyaga nikienda kuchota maji, nilichuchumaa nikalipapasa kwa kiganja, cheko limeniisha. Sikumwambia mtu.

Figa la mama mkwe lilikuwa jeusi. Mawili mengine ya jiko lake yalikuwa ya kijivu chenye mistari, kama mawe yote ya vilima vyetu, na ingawa masizi yalikuwa yameyafunika yote, la kwake lilijulikana. Weusi wake ulikuwa wa aina nyingine, laini na wenye mng'ao, kana kwamba mtu amelipaka samli. Nilimwuliza limetoka wapi. Aliendelea kukoroga chungu chake, nami nikadhani ni vita vyetu vya chumvi vinaendelea.

Mume wangu ndiye aliyenieleza. Mama yake hakuwa na kwao. Akiwa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, wanawake waliokwenda kuchimba maji katika mto wa mchanga walimkuta ameketi peke yake kwenye mchanga mkavu, hana hata machozi. Neno alilojua kusema lilikuwa moja, mwaitu, yaani mama, na kwa neno hilo huwezi kumtafutia mtu ukoo. Walimpeleka kwa masista wa misheni, nao wakamlea, wakamfunza kushona na kusali, na hakuna aliyekuja kumwulizia. Watu walimwita mtoto aliyepotea. Alikua na jina hilo, na hata alipokuwa na wajukuu, mtu akimkasirikia alilikumbuka.

Alipochumbiwa hakukuwa na ndugu wa kumletea jiwe. Masista walijitolea kumpa moja la uani kwao, akakataa, akasema jiwe la misheni ni la misheni. Alikwenda mwenyewe mtoni, mahali alipoonyeshwa kwamba ndipo alipookotwa, na pale juu ya mchanga mweupe akakuta jiwe jeusi liko peke yake, halina mwenzake upande wa juu wala wa chini. Akajitwika kichwani, akaja nalo. Aliniambia baadaye, siku tulipokuwa tumeshapatana, kwamba hakulichagua kwa uzuri. Alilichagua kwa sababu halikuwa na watu.

Basi mimi mwalimu nikaja na elimu yangu. Jioni moja nililichunguza lile figa moto ulipokuwa umezimika, nikalikwaruza kwa ukucha, nikaona ni jiwe la volkano. Wala hapo sikukosea. Sasa, ukisimama nyuma ya jiko letu siku isiyo na vumbi, ng'ambo ya Mto Athi utauona uwanda wa Yatta, umenyooka juu kama meza, na kila mwanafunzi wangu anajua kwamba ule uwanda ni lava iliyotiririka zamani ikaganda. Kwa hiyo nikamtangazia mama mkwe, kwa sauti ile ninayotumia darasani, kwamba figa lake ni la Yatta. Pengine kuna aliyelibeba akachoka, akalitupa mtoni.

Sikujua nimempa nini. Katika boma lile, figa lilikotoka ndiko kwao mwanamke. Alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko akiitazama Yatta mpaka jua likazama, na chakula cha jioni nilikipika mimi, na chumvi nikatia ninavyotaka.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa Yatta. Alisema, sisi watu wa Yatta hatupendi chumvi. Alisema, sisi watu wa Yatta hatulali mchana. Akikosana na mwanawe alimtishia kwamba atarudi kwao Yatta, na alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Mwaka mmoja alivaa nguo ya Jumapili akavuka kwenda kule, akauliza kanisani baada ya misa kama kuna familia iliyopoteza mtoto wa kike mwaka wa njaa. Watu walimketisha, wakampa uji, wakafikiri sana. Mwishowe wakamwambia kwamba mwaka ule kila familia ilipoteza mtoto. Walimpa kuku wa kurudi naye. Kuku yule alitaga vizuri, na mama mkwe alimwita dada.

Miaka ilipita hivyo, na mimi nikiikumbuka naiona yote kama alasiri moja ndefu ya kiangazi. Vumbi limesimama hewani, Yatta inaelea juu ya vumbi bila kugusa chini, na mama mkwe ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa jiko akipukusa mbaazi, uso ameuelekeza kule. Sikuwahi kumwuliza anaona nini. Mara nyingine nilikuja na kigoda changu nikaketi kando yake, nikasahihisha madaftari, na tukakaa hivyo mpaka mbuzi wakarudi.

Shida ililetwa na shangazi ya mume wangu, dada ya marehemu baba mkwe, aliyeolewa mbali akarudi nyumbani kuzeeka. Yeye ndiye mwanamke mkubwa wa boma, na ndiye husimama mlangoni. Tulikuwa tumemzika mke wa ndugu mmoja wa ukoo, watu wa kwao wakaja kutoka upande wa Kitui, wakaulizwa, wakajibu, wakalibeba jiwe lao. Shangazi akamgeukia mama mkwe mbele ya watu wote, akamwuliza la kwake watakuja kulichukua akina nani. Mama mkwe akasema ni watu wa Yatta. Shangazi akamwambia Yatta ni kubwa, amtajie ni mlango wa nani. Kisha akaongeza kwamba mwacha asili ni mtumwa, kana kwamba yule mtoto wa pale mchangani alikuwa ameiacha asili yake kwa kupenda.

Nilimjibu. Maneno niliyomjibu siyaandiki hapa, maana wanafunzi wangu wanaweza kuyasoma. Mama mkwe alinivuta nguo tuondoke. Alikuwa ameshaanza kuumwa wakati huo, miguu inavimba na pumzi inakatika akipanda tuta, na daktari wa Machakos mjini alikuwa ametuambia moyo umechoka. Tulirudi nyumbani polepole, tukisimama simama, na kwenye tuta la mwisho akanishika mkono.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina shida na kufa. Niko na shida na kukaa njiani."

Akaegemea bega langu apate pumzi.

"Wewe umesoma haya mawe. Nitafutie ni Yatta gani."

Sikulala vizuri siku zile kwa kufikiri. Mpango wangu ulikuwa rahisi na wa kijinga kidogo: nijue lava ile ni ya sehemu gani ya Yatta, niende kwa familia iliyo karibu na hapo, niwapigie magoti, niwaombe siku ikifika waje wasimame mlangoni mwa jiko letu waseme "Ni sisi." Mume wangu aliusikia mpango wote akiwa anapiga msasa twiga wake. Akasema kwamba watu wa Yatta walishatoa kuku, sasa tunawaomba wachukue jiwe, hapo wametuonea huruma ya kutosha. Kisha akaweka msasa chini, akaniambia niende.

Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani, msichana aliyekuwa akiniuliza maswali mpaka namfukuza darasani, ambaye sasa anasomea miamba chuo kikuu. Nilimpigia simu, akaja wakati wa likizo ya Krismasi. Alilala kifudifudi kwenye majivu na nguo zake nzuri, akiwasha tochi ya simu, akiwa na kioo kidogo cha kukuzia alichokibana jichoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda akimwangalia kwa raha, kwa maana hakuna mgeni aliyewahi kulitukuza figa lake hivyo. Kulikuwa na mahali palipobanduka kidogo, ukuni uliwahi kupiga hapo, na kwa ndani jiwe lilikuwa la kijivu. Binti alipatazama pale mahali muda mrefu sana. Alipoinuka, kichwa chake kikapotea moshini, na sauti yake ikatoka huko juu ikisema kwamba lava ya Yatta ina chembe kubwa zinazong'aa, hata mtoto huziona, na hili halina hata moja.

Nikamwuliza basi ni la wapi. Akasema hajui bado. Aliomba kipande kidogo cha kwenda kupima, na akatusihi tusilioshe jiwe lenyewe.

"Nani huosha figa?" mama mkwe akauliza. Kipande alikubali kitoke, kwa sharti kirudi.

Tulingoja. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha, kiangazi kikaja, mbaazi zikavunwa. Mama mkwe aliendelea kupika, akiketi zaidi na kusimama kidogo. Mimi nilianza kuwa na ndoto, na sijui kama niziite ndoto, kwa kuwa zilinijia nikiwa macho, nikisubiri sufuria ichemke. Nilikuwa nalitazama lile figa jekundu kwa moto upande mmoja, na pole kwa pole jiko linaondoka. Naona mahali pasipo na mti, pasipo na mtu, mlima unafoka na hakuna wa kuukimbia. Moto unatiririka kama uji uliofurika chunguni, unapoa, unakuwa kimya. Kisha maziwa yanafurika kwenye sufuria yangu mimi, na mama mkwe ananiuliza kama kwetu Ekalakala maziwa ni ya kumwaga.

Binti alirudi mvua za masika zilipokuwa zimeanza, matuta yamejaa maji na vyura. Hakwenda jikoni. Alinivuta kando, tukasimama chini ya mwamvuli wake kwenye ukingo wa shamba. Akaniambia jiwe lile halikutoka Yatta, wala Kenya, wala dunia hii.

Alinieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye zamani. Mawe mengi yanayoanguka kutoka mbinguni hayajawahi kuyeyuka, ni vumbi la kale lililoshikamana tu. Machache sana ni ya volkano, yaani yaliwahi kuwa lava, yakatiririka, yakapoa, kwa hiyo lazima yametoka kwenye ulimwengu uliokuwa na moto tumboni. Kila ulimwengu huacha alama yake katika oksijeni iliyofungwa ndani ya mawe yake, na kwa alama hiyo wataalamu husema hili ni la mwezi, hili la Mirihi, hili la lile jabali kubwa linalolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. La kwetu walilipima wakarudia. Si la mwezi, si la Mirihi, si la jabali. Yako mengine machache yanayofanana nalo, yameokotwa majangwani na kwenye barafu, nayo pia hayajulikani kwao. Kinachojulikana ni kwamba lilipoa kabla hii dunia yetu haijamaliza kuumbwa. Wengine wanasema ule ulimwengu uligongwa ukavunjika. Wengine wanasema vipande vyake vilimezwa na sayari zilizokuwa zikikua, labda na hii yetu. Wanabishana, alisema, na usoni pake niliona kwamba mabishano hayo ndiyo furaha ya maisha yake.

Akasema pia kwamba jiwe kama lile kwa kawaida huwekwa kwenye kabati la kioo, akauliza kama familia ingefikiria kulitoa. Nilimwambia afikirie kwanza yeye, kwa kuwa ndiye atakayekwenda kumwambia mama mkwe apikie wapi.

Lakini moyoni nilikuwa nimevunjika. Nilikuwa nimempa yule mama Yatta kwa mdomo wangu, akaishi nayo, akaitazama kila jioni, akamwita kuku dada. Sasa niingie jikoni nimnyang'anye, na mahali pake nimpe nini? Nilimwambia binti tusiseme, tuseme tu vipimo havijatoka. Alikuwa anakubali shingo upande wakati mama mkwe alipoita kutoka ndani akiuliza tunanong'ona nini kwenye mvua kama watu wenye kuposa.

Tukaingia. Binti alimrudishia kipande kilichobaki, kidogo kama punje ya mbaazi, ndani ya mfuko wa plastiki wa kutilia vidonge. Mama mkwe akakifunga kwenye ncha ya leso yake. Kisha akanitazama mimi, si binti, akangoja. Nikashindwa kumdanganya. Nilimwambia yote, na palipo na sayansi nikamwachia binti, na mvua ikawa inapiga mabati hata tukalazimika kupaza sauti kumwambia mtu jambo ambalo nilitaka kumnong'oneza.

Alisikiliza akichochea moto. Tulipomaliza aliuliza swali moja, akimwuliza binti.

"Huko ilitoka, hakuna mtu anaweza kukuja kuiulizia?"

"Hapana, susu," binti akamjibu, akimwita nyanya kwa heshima. "Hata hapo mahali penyewe, labda hapako tena."

Mama mkwe akalitazama figa lake. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa karibu kulia. Badala yake akaweka mkono juu ya goti langu.

"Basi hii haikupotea," akasema. "Ni kwao kulipotea."

Akalirudia tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Haikupotea, ni kwao kulipotea. Halafu akacheka, cheko lililomkata pumzi mpaka tukampa maji, na akasema miaka yote hii watu wamemwita mtoto aliyepotea, na yeye alikaa pale pale mchangani, hakwenda popote, ni hao wengine ndio hawakuonekana tena. Binti alikuwa anafuta machozi akisingizia moshi. Mimi sikusingizia kitu.

Kutoka siku hiyo hakusema tena habari za sisi watu wa Yatta, ila kuku, mjukuu wa yule wa kwanza, aliendelea kuitwa dada. Jioni alikaa mahali pake pale pale, lakini uso aliuinua juu zaidi. Nilifurahi kwa ajili yake, ingawa nilijua jambo lenyewe halijakwisha. Naye alijua. Wiki moja baadaye, tukimenya viazi, aliniambia kwamba sasa ameelewa, lakini mlangoni bado hakuna mtu. Mume wangu akasema tunaweza kutafuta watu waje wajibu. Mama yake akamwambia kwamba watu wa kukodiwa ni wa kuvuna, si wa kuchukua figa. Hatukulizungumza tena.

Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, alfajiri, akiwa usingizini. Kile kipande kilikuwa bado kwenye ncha ya leso yake, na mimi niliyemvisha nilihakikisha amezikwa nayo. Padri alikuja, kwaya ikaimba, watu walikula, na kesho yake asubuhi ukoo ukakusanyika uani mbele ya jiko, kama inavyopasa, kungoja watu wa kwao.

Tulingoja nini, sijui. Jua lilipanda. Vumbi lilikuwa limesimama, na Yatta ilikuwa inaelea kule mbali kama siku zote. Shangazi alisimama mlangoni akiwa ameshika fimbo yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Hakutaka kuuliza. Niliona kabisa kwamba alijutia maneno yake ya siku ile, na kwamba desturi ilikuwa imemsimamisha pale na haikumpa pa kupitia. Akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani amekuja?"

Hakuna aliyejibu. Mume wangu alitazama chini. Yeye ni wa boma, hawezi kujibu. Na mimi kwa desturi ni wa boma vilevile, nililetwa pale na jiwe langu na gunia la kaka yangu. Kuku walikuwa wanaparua majivu. Shangazi alivuta pumzi kuuliza tena, na nikasikia miguu yangu inatembea kabla sijaamua kitu.

"Ni sisi," nikasema.

Alinitazama. Nilingoja aniulize sisi akina nani. Hakuuliza. Alihamishia fimbo mkono wa pili, akauliza swali lililobaki.

"Mnaipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Akasogea, akanipisha. Niliingia jikoni, moshi wa asubuhi ulikuwa bado umening'inia, nikainama chini yake. Figa lilikuwa na joto, kwa kuwa wanawake walikuwa wamelitumia kuwapikia waombolezaji chai. Nilizungushia leso yangu, nikalikumbatia kifuani, zito kuliko nilivyodhani, nikatoka nalo nikavuka uwanja watu wakinifungulia njia. Katika jiko langu niliondoa moja la yale mawe mawili ya boma, nikaliweka la mama mkwe hapo, kando ya la kwetu Ekalakala, na juu yake nikainjika sufuria ya chai.

Jioni hiyo nilimpigia kaka yangu simu. Nilimwambia siku yangu ikifika, wanawe waje na magunia mawili.